Si Akina Beynon Peke Yao

Hotuba ya Idwal Beynon, mchonga mawe, siku ya kufungua chumba cha kupimia moyo katika kanisa la zamani la Soar, kijijini Llanfedwen, Wales

Mheshimiwa Bibi Eluned Tomos, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji chetu, Mchungaji wetu, Daktari Nambiar, mgeni wetu rasmi, ndugu wageni waalikwa mliotoka mjini Caerfyrddin na vijiji vya jirani, wazee mliobatizwa humu ndani wakati Soar bado ilikuwa na waumini, akina Beynon wa Blaen-nant, ambao ni damu yangu, akina Beynon wa Felin, ambao si damu yangu na ambao leo nawaomba radhi, na ninyi akina Prys wa Tŷ Isaf, mlioketi karibu na mlango kama watu wanaotaka kuwahi kutoka: nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika kumi. Mimi si msemaji. Kazi yangu ni kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi, na katika kazi hiyo mtu huzoea kusema machache, maana kila herufi ina gharama ya mapigo ya nyundo na jiwe halina nafasi ya porojo. Bibi Mwenyekiti aliponijia alisema, "Idwal, kata tu ule utepe, sema neno moja juu ya Iolo, tule keki twende zetu." Nikamwambia, "Eluned, nikisimama pale nitasema jambo jingine." Akasema, "Basi angalau vaa tai."

Tai nimevaa. Na jambo jingine ninalo.

Kwanza niseme kwamba naogopa, nisije nikawa nimelificha halafu sauti ikanisaliti katikati. Si woga wa kusimama mbele za watu. Naogopa kwa sababu kutoka hapa nilipo naziona nyuso zenu zote, na zipo nyuso ambazo nikizitazama najikuta nahesabu umri. Nahesabu: huyu thelathini na mbili, yule arobaini kasoro moja, yule binti kumi na tisa. Sikuwa mtu wa hesabu hizo zamani. Zilianza miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Mei, mwanangu Iolo alipokuwa anafunga lango la malisho ya juu.

Daktari Nambiar, siku ile tulipokutana mara ya kwanza uliniuliza swali, nami nikakujibu vibaya. Hukujua kwamba nimekosea, kwa sababu wewe umetoka mbali. Mimi sina udhuru huo. Leo nataka kulijibu upya mbele ya mashahidi, na wenzangu mnivumilie nikianza na mambo ambayo mmeyajua tangu utotoni.

Zamani huku kwetu mtu hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake na jina la baba yake, basi. Kati ya hayo mawili palikaa kineno kidogo, "ap", au "ab" jina la baba likianza kwa irabu, maana yake "mwana wa". Dafydd aliyezaliwa na Einion aliitwa Dafydd ab Einion. Dafydd naye akipata mtoto, mtoto huyo aliitwa kwa jina la Dafydd, na jina la Einion likabaki na babu. Jina lilitembea kizazi kimoja, likapumzika. Hakuna aliyeona upungufu. Kila mtu bondeni alijua nani ni wa nani, na asiyejua aliuliza, "Wewe ni wa nyumba gani?"

Kisha wakaja watu wa madaftari. Karani wa mwenye ardhi, karani wa mahakama, karani wa parokia. Hao walitaka jina lisilosogea. Mtu wetu akasimama mbele ya meza, kofia mkononi, akasema haraka "ab Einion", karani akaandika Beynon. Wa nyuma yake akasema "ap Rhys", karani akaandika Prys. Siku hiyo jina likaganda. Kwa wakubwa wenye mashamba liliganda mapema. Kwa watu wadogo kama sisi lilichelewa, na ndani ya familia moja kaka mmoja angeweza kugandishwa leo na mwingine akaendelea na desturi ya zamani kizazi kizima zaidi. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililoniuma baadaye.

Einion kwa lugha yetu ni fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hupigia vyuma vingine juu yake. Wapo wasomi wanaosema jina lenyewe lina chanzo cha zamani zaidi ya hapo. Sijui. Shule yangu ilinifikisha kwenye kusoma na kuchonga tu. Baba yangu aliipenda ile ya fuawe. Tulipoumia na kulia alituambia, "Wewe ni mwana wa fuawe, nyamaza." Nami nikamwambia Iolo vilevile, alipokuwa na miaka saba na amebanwa kidole na mlango wa karakana. Akanyamaza. Afadhali ningemwacha alie.

Leo tumejaa. Anza Caerfyrddin, shuka mpaka Abertawe na rasi ya Gŵyr, gonga milango, utatupata. Kaskazini mwa Wales sisi ni wachache. Tupo Australia, tupo Pensilvania, mababu walikofuata makaa ya mawe. Hapa Llanfedwen, mwalimu wetu alipokuwa akisema "Beynon, simama," tulisimama sita, na mmoja alikuwa anasimama kwa utundu tu, alikuwa Prys. Mmemjua. Anatazama viatu vyake sasa hivi.

Kwa sababu tumejaa hivyo, majina haya hatuyatumii kwa lolote la maana. Tunaitana kwa kazi na kwa nyumba. Mimi ni Idwal wa Mawe. Na mtu akifa, hapa kwetu, jina lake pekee halitoshi kwenye kaburi. Tunaandika na nyumba yake. Nimechonga mawe miaka arobaini na nne, na sijaona mjane wala yatima aliyesahau kuniambia nyumba. Tarehe wanakosea. Nyumba hawakosei.

Sasa nirudi kwenye swali.

Iolo alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa mzima wa kuudhi. Alikuwa na tabia ya kuweka soksi zake mbichi juu ya jiko la mama yake, na mama yake, Morfudd wangu huyu hapa, alikuwa akizitupa sakafuni kila siku na kusema, "Oa, uharibu jiko la mwingine." Asubuhi ile aliwahamisha kondoo, akawapitisha langoni, akageuka kufunga. Tulimkuta mnyororo wa lango umo mkononi bado. Hakuwa na hata mchubuko. Mbwa alikuwa amelala pembeni akimsubiri aamke.

Daktari ukatueleza, kwa upole ambao hatutausahau, kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa mahali pasipotakiwa, na kwamba moyo wa namna hiyo unaweza kwenda vizuri miaka thelathini halafu siku moja mapigo yakavurugika, ikawa basi. Ukasema ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi mwenye nao humpa mtoto au hampi, nusu kwa nusu, na kwa kila mtoto kura inapigwa upya. Ukasema unatibika ukijulikana mapema. Kisha ukaniuliza, "Bwana Beynon, ndugu zenu ni akina nani? Inabidi wote wapimwe."

Nami nikajibu, "Akina Beynon."

Mnaona? Mimi! Mtu ambaye nimechonga nyumba chini ya jina miaka yote hiyo! Daktari aliniuliza kama karani, nikamjibu kama karani.

Nilikwenda nyumbani nikakaa na kitabu cha simu, nikaandika barua kwa kila Beynon wa bonde hili, kumwambia akapimwe. Barua arobaini na moja. Niliziandika kwa mkono, kwa herufi nzuri, maana herufi ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimempoteza mwanangu, na kuandika kulinipa kitu cha kufanya na mikono. Morfudd alibandika stempu. Hakuna hata barua moja iliyokwenda Tŷ Isaf. Kwa nini iende? Wale ni Prys.

Wapo walioniitikia, na wapo walioingia kwenye hofu ambayo sijui niiombeeje msamaha. Akina Beynon wa Felin ni watu kumi na wawili. Non wa Felin, upo hapa, na umeniruhusu. Non alikuwa achumbiwe kwa heshima zote mwezi wa Septemba. Mama wa mwanamume akasikia habari ya barua. Akasema, "Sitaki mwanangu azike mke." Non alikuja karakana siku moja, akasimama kwenye vumbi na koti lake zuri, akaniuliza, "Mzee Idwal, mimi nitakufa?" Nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Akaacha kucheza dansi. Akaacha kupanda ngazi za kazini kwake kwa haraka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akishika shingo yake kila saa kutafuta mapigo, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alipimwa, akaonekana mzima, na hata hivyo hakuamini. Miaka miwili na nusu alikaa hivyo.

Sasa niwaulize: nani alimtia Non woga huo? Ugonjwa? Hapana. Ni mimi na kitabu changu cha simu.

Na huku upande wa pili wa mto watu walikuwa wanacheka. Siwalaumu. Siku ya kukata manyoya, kiangazi kilekile, tulikuwa zizini kwa Garmon Prys, rafiki yangu tangu tukiwa na miaka mitano. Nilikuwa nimeinama kumshika kondoo, Garmon akapaza sauti wote wasikie: "Nyie akina Beynon, taratibu na hao kondoo! Msije mkatuangukia hapa tukakosa chakula cha mchana!" Mdogo wake, Cledwyn, akadakia, "Muache bwana, mwenzio ana moyo wa karatasi." Garmon akajipiga kifua. "Huu hapa moyo wa Prys. Unakwenda kama trekta. Unasikia? Babu yangu alinichagulia jina, bwana!"

Walicheka wote. Walikuwa wananichekesha, najua. Kilikuwa kicheko cha kwanza kunijia tangu Mei. Nilicheka nao. Cledwyn alikuwa na kipande cha nyasi mdomoni na alikuwa na miaka thelathini na saba.

Agosti ya mwaka uliofuata, Cledwyn alipanda mlimani na ile pikipiki yake ya magurudumu manne kutafuta kondoo jike aliyepotea. Pikipiki ikakutwa imepinduka bondeni, na yeye kando yake. Daktari aliyemchunguza alisema moyo ulisimama kabla pikipiki haijapinduka. Lakini nyumbani Tŷ Isaf walisema pikipiki, na kijiji kizima tukasema pikipiki. Ni rahisi kuchukia pikipiki. Garmon aliichoma moto.

Kaburi huachwa udongo utulie kabla ya kusimamisha jiwe. Kwa hiyo ilikuwa Machi mwaka huu mama yake Cledwyn alipokuja kwangu na maneno ya jiwe. Nikayaandika: Cledwyn Prys, Tŷ Isaf. Tarehe. Mama akasema, "Na chini yake uweke Blaen-nant."

Nikamwambia, "Mama, Blaen-nant ni kwetu."

"Ni kwetu pia," akasema. "Bibi yake mume wangu alikuwa akisema ndiko tulikoshukia. Kuna Rhys fulani, mdogo wa Dafydd wenu. Aligombana na kaka yake akashuka mtoni. Usianze kunibishia, Idwal, nina miaka themanini na moja na nimechoka. Weka tu."

Nikaweka. Yaani, nilianza kuweka. Nilikuwa nimechonga herufi tatu za kwanza, na patasi ikanigomea mkononi. Maana nyumba hiyohiyo nilikuwa nimeichonga kwenye jiwe la mwanangu, kwa patasi hiyohiyo.

Niliacha nyundo nikaenda kwenye daftari la ubatizo. Mama alisema kweli. Einion wa Blaen-nant alikuwa na wana wawili. Dafydd alibaki juu, karani wa mwenye ardhi akamwandika Beynon, na ndio sisi. Rhys akashuka mtoni, hakuna karani aliyemgusa, na mwanawe aliitwa kwa desturi ya zamani Harri ap Rhys. Huyo Harri ndiye aliyekutana na karani. Ndipo wakawa akina Prys. Baba mmoja, majina mawili. Na akina Beynon wa Felin? Wao wametoka kwa Einion mwingine kabisa, mtu wa kutoka Llandeilo huko, aliyekuja kusaga ngano. Jina moja, na hakuna tone la damu.

Kisha nikaenda makaburini, mchana, na karatasi. Sikusoma majina. Nilisoma nyumba na umri. Waliokufa kabla ya kutimiza miaka arobaini na mitano, ghafla, bila vita wala kujifungua wala mgodi. Nilipata mawe manane. Matano ni Beynon, matatu ni Prys. Yote manane yanatokana na Blaen-nant. La Felin hakuna hata moja. Manne kati ya hayo nilikuwa nimeyachonga mwenyewe, na nilikuwa nimeisafisha vumbi kila herufi, na sikuwa nimeona kitu.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilipeleka woga mahali ambapo haukuwa na kazi, na palipouhitaji nikapanyima. Kati ya barua zangu na kifo cha Cledwyn ilipita miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne! Barua moja, ndugu zangu. Kuvuka daraja na barua moja.

Mwezi wa Aprili nikaenda Tŷ Isaf na karatasi yangu. Garmon alikuwa mezani anakula. Mke wake akanimiminia chai. Nikaiweka karatasi mezani nikamweleza. Aliendelea kutafuna. Halafu akaacha.

"Kwa hiyo umekuja kunichongea jiwe ningali hai?"

"Garmon, nimekuja upimwe tu."

"Mimi si Beynon."

"Jina siyo—"

"Mimi si Beynon, Idwal! Yako yamekufika, pole, nililia na wewe. Sasa unataka kila nyumba iwe kama yako? Mdogo wangu aliuawa na pikipiki. Toka."

"Na Heledd?" nikasema.

Hapo alisimama. Heledd ni binti yake wa pekee, ana miaka kumi na tisa, na nyote mnamfahamu, maana hakuna kilima katika bonde hili ambacho hajakimbia juu yake. Garmon hakunyanyua mkono. Alichukua kikombe changu cha chai, ambacho sikuwa nimekinywa, akakimwaga kwenye karo mbele yangu. Watu wa hapa mnajua maana yake: usirudi tena nyumba hii. Nikavaa kofia nikaondoka.

Miezi sita hatukusalimiana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kupimwa. Ninao. Ndiyo, mimi ndiye niliyempa Iolo, pamoja na jina. Nimeuishi miaka sitini bila kujua, na yeye umemchukua saa moja asubuhi. Sasa nina kifaa kidogo kimewekwa hapa chini ya mtulinga, kikubwa kama sanduku la kiberiti, kinachousubiri moyo wangu ukosee ili kiurudishe njiani. Wakati mwingine naweka mkono hapa juu yake, nafikiri, mwanangu angekuwa na hiki angemaliza kufunga lango.

Msinielewe vibaya. Kifaa hakikuondoa woga. Kila nikisikia kitu kimeanguka kijijini, ndoo, ubao, ngazi, nasimama na kusubiri nisikie sauti ya mtu baada yake. Nikimwona Heledd anapita mbele ya karakana mbioni, naacha kuchonga. Namsikiliza nyayo mpaka zipotee kwenye kona. Halafu nasubiri zirudi. Siku moja zilichelewa, na nilijikuta nimetoka barabarani na patasi mkononi, mzee mzima. Alikuwa amesimama kuzungumza na Non.

Sasa nafika mwisho, na ni pagumu. Jumanne iliyopita Garmon alikuja karakana. Hakubisha hodi. Alisimama pale kwenye vumbi, akageuzageuza kofia yake. Haya ninayosema ameniruhusu niyaseme, na Heledd jana alinipigia simu akasema, "Mzee Idwal, ukimsema baba unisemee na mimi."

Akaniuliza, "Inauma?"

"Hapana. Unalala ubavu wa kushoto. Wanakupaka jeli, ni baridi tu."

"Muda gani?"

"Dakika ishirini. Chai yako haipoi."

Nilipotaja chai akauma mdomo. Akatazama ukutani kwenye violezo vya herufi kana kwamba anachagua. "Ana mbio Jumamosi," akasema. "Mbio za kaunti. Akikutwa nao, hatakimbia tena?"

"Sijui. Daktari atajua. Labda atakimbia kwa namna nyingine. Labda hapana."

"Itamuua."

Wote wawili tulikisikia alichokisema.

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Idwal. Mara mbili mwezi huu amekaa chini njiani. Amekaa tu, kichwa magotini. Anasema ni viatu."

Nikaweka nyundo chini.

"Nimemnunulia viatu vingine," akasema.

Akatoka mpaka mlangoni, akarudi. "Alhamisi unasema pale Soar. Tuseme na sisi. Sema jina letu. Mimi mbele za watu siwezi. Ukimaliza, nitaona kama miguu itanibeba."

Ndugu zangu, nimelisema. Tŷ Isaf, Blaen-nant, Nant-y-gof, Pen-rhiw, Glan-yr-afon. Hizo ndizo nyumba za damu ya Blaen-nant. Awe anaitwa Beynon, awe Prys, awe aliolewa akachukua jina la watu wengine, kama babu au bibi yake ametoka katika nyumba hizo, chumba hiki ni chake. Nesi wa chumba hiki amekubali kubadilisha fomu. Mstari wa kwanza kabisa hautauliza jina la ukoo. Utauliza nyumba. Daktari Nambiar, hilo ndilo jibu langu, na nisamehe kwamba limechelewa miaka mitatu.

Na ninyi wa Felin, nendeni nyumbani. Non, panda ngazi unavyotaka. Mwezi ujao unaolewa, na mama mkwe wako ameomba radhi mbele ya mchungaji, ingawa nasikia bado hajakubali aina ya keki.

Huenda mtu akauliza: na kama ni afadhali kutojua? Nimejiuliza hilo kwenye nyasi za makaburini, na nimejiuliza jikoni nikitazama mahali soksi zilipokuwa zinakaa. Woga wa kujua ninao, nimelala nao, umekuja nami hapa leo. Lakini woga ule mwingine, wa kumkuta mtoto langoni na mnyororo mkononi, nimeiona sura yake. Sitaki yeyote kati yenu auone. Nina mawe matano ghalani, meusi, mazuri, ya kutoka kaskazini. Naomba kwa moyo huu mbovu yakae hapo mpaka nife mimi, na la kwanza liwe langu.

Nashukuru Halmashauri kwa chumba. Nashukuru akina mama wa keki. Daktari, nakushukuru kwa kukubali kuja kila mwezi katika barabara zetu hizi. Morfudd, ahsante kwa stempu, na kwa yote ambayo hayakuwa stempu. Nilikuwa na ukurasa mmoja zaidi hapa, lakini naona kuna watu wamesimama kule karibu na mlango, na wameelekea upande wa huku badala ya nje, kwa hiyo naukunja. Mmenisikiliza vizuri, nami sina cha kuwalipa ila kunyamaza.

Mpisheni Heledd apite. Bibi Mwenyekiti, mkasi.

Garmon, kofia iache hapo kitini, hakuna atakayeichukua. Njoo.